Ruzuku Ndogo na Mafunzo ya Uongozi Vijijini

Hotuba iliyosomwa kwa niaba ya Halmashauri katika Mkutano Mkuu wa Mwaka, Nyeri



Mmekwisha kusomewa hesabu za mwaka na mweka hazina wetu, na mmesikia kwamba liko fungu moja la fedha lililowekwa kando bila kutumiwa. Juu ya fungu hilo ndipo tulipotakiwa kusema leo. Wako wanachama waliotuandikia wakitaka fedha hizo zitumiwe zote kwa mara moja kujenga jumba la chama mjini. Halmashauri yaona vingine. Twapendekeza zigawanywe ziwe ruzuku ndogo ndogo kwa vikundi vya vijijini, na kila kikundi kitakachopewa kiwapeleke viongozi wake wakafundishwe kwanza. Kukata shauri ni kwenu. Kazi yetu sisi ni kuwaeleza sababu zetu, nanyi mzipime.

Hatulidharau jumba. Lina heshima yake, na siku ya mvua kama leo kila mmoja wetu angependa kuwa na paa la chama juu ya kichwa chake. Lakini wengi wa wanachama wetu hawakai mjini. Wanakaa Othaya, Mukurwe-ini, Tetu, Mathira na Kieni, na haja zao ni tangi la maji katika uwanja wa shule, kivuko juu ya mto ili watoto wasichukuliwe na maji, kitalu cha miche, choo cha soko. Mambo haya hayahitaji fedha nyingi. Yahitaji fedha kidogo zinazokuja kwa wakati wake, na watu watatu au wanne katika kijiji wanaojua kuzitunza. Fedha hizo kidogo zimo katika daftari la mweka hazina. Watu hao watatu au wanne ndio wa kutafutwa, na hapo ndipo ilipo shida yote.

Shauri la kusaidiana si geni kwetu, wala halikuletwa na mtu kwa meli. Wazee wetu walikuwa na ngwatio: majirani hukusanyika kulima shamba la mmoja leo, kesho la mwingine, na mwenye shamba hakulipa kitu ila chakula cha siku hiyo na zamu yake ya kuirudisha kazi. Akina mama nao walikuwa na matega, wakimpelekea mwenzao aliyejifungua kuni na vyakula. Hapakuwa na daftari, lakini hesabu ilikuwako, nayo iliwekwa katika vichwa vya watu wote. Asiyerudisha zamu alijulikana na majirani zake wote kabla jua halijatua. Tukumbuke jambo hili, kwa maana tutalirudia: katika ngwatio hesabu ilikuwa mali ya wote.

Baadaye ikaja zamani ya kazi za amri. Wazee waliopo hapa walisimuliwa na mama zao habari za matuta ya Murang'a. Serikali ya kikoloni ilitaka mashamba ya mtelemko yachimbwe matuta ili udongo usichukuliwe na mvua, na wanawake ndio waliotolewa kwa wingi kuifanya kazi hiyo. Mwezi wa Julai 1947 watu walikutana Murang'a wakaamua kwamba wanawake wasichimbe tena, na kazi hiyo karibu ikasimama kabisa. Twapenda mlione hilo vizuri. Matuta yenyewe yalikuwa jambo la maana. Leo hakuna mkulima wa kahawa katika milima yetu asiyeyataka. Lililokataliwa ni namna yake. Mchimbaji hakuulizwa, hakuchagua msimamizi wake, wala hakuonyeshwa faida ya kazi yake. Kisha katika miaka ya Hali ya Hatari, tangu Oktoba 1952, watu wa wilaya zetu walilazimishwa kuchimba handaki kubwa kandokando ya msitu wa Mlima Kenya ili kuwatenga wapiganaji waliokuwa mwituni. Ndiyo sababu hata leo, kijana akisimama barazani akasema, “Njoni tufanye kazi ya pamoja,” wako wazee wanaonyamaza kwanza na kumtazama. Hawana uvivu. Wana kumbukumbu.

Hata hivyo, katika zamani ile ile, mbegu moja njema ilipandwa, na haki ni kuitaja. Huko Kabete, shule ya Jeanes iliyoanzishwa mwaka 1925 ilikuwa ikifundisha walimu wa kuzunguka katika shule za vijijini, na wake zao pia walifundishwa. Baada ya Vita Kuu ya Pili ikageuka mahali pa kufundishia watu wa maendeleo ya vijiji: machifu, askari waliorudi vitani, na wanawake viongozi. Mwaka 1952 kikaanzishwa Maendeleo ya Wanawake chini ya idara ya serikali, na vilabu vyake vikaenea. Hatuwezi kuficha kwamba katika miaka ile ya taabu serikali ilivitumia vilabu hivyo pia kuwavuta wanawake wauache upande wa wapigania uhuru. Lakini mama aliyejifunza kuendesha mkutano na kuandika fedha zilizoingia na zilizotoka hakuupoteza ujuzi huo bendera ilipobadilishwa. Shule ya Kabete yenyewe ikawa Chuo cha Utawala cha Kenya mwaka 1961, na tangu mwaka 2012 mahali pale ni pa Chuo cha Serikali cha Kenya, ambako maofisa hufundishwa kazi zao. Basi ikiwa ofisa mwenye mshahara hufundishwa kuongoza, kwa nini mweka hazina wa kikundi cha maji, asiye na mshahara wowote, tumwachie kubahatisha?

Ukaja uhuru, na Mzee Kenyatta akaitangaza Harambee mwaka 1963. Katika miaka hiyo ya 1960 wanawake wa wilaya zetu walianzisha vikundi vilivyoitwa vikundi vya mabati. Walikwenda pamoja kulima na kuchuma kahawa kwa ujira, ujira ukawekwa mahali pamoja, na kila fedha zilipotosha wakanunua mabati ya kuezeka nyumba ya mmoja wao. Halafu ya wa pili, halafu ya wa tatu. Bati si pambo. Paa la nyasi huoza na kuvuja, lakini paa la bati hukinga maji ya mvua yakaingia katika pipa, na mama akapumzika safari ya mtoni. Ile ilikuwa ngwatio ya zamani iliyotiwa fedha ndani yake, na sharti lilikuwa lile lile la kwamba kila mtu ajue zamu ya nani imefika.

Harambee kubwa nazo zilileta matunda. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 watu wa Nyeri, wakulima wa kahawa wakiwa mbele, walichangia Chuo cha Ufundi cha Kimathi, ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, kilichopewa hati yake mwaka 2012. Wengi wenu mna watoto waliosoma pale. Lakini sote twajua yaliyoipata Harambee baadaye. Mchango ukawa tamasha. Mgeni wa heshima akaja na bahasha, jina lake likatangazwa kwa kipaza sauti, na watu wakapiga makofi wasijue fedha zenyewe zilikwenda wapi jioni ile. Mambo yalifika hata sheria ya maadili ya watumishi wa umma ya mwaka 2003 ikawawekea mipaka wenye vyeo katika kuchangisha fedha. Ugonjwa wa Harambee haukuwa uchache wa fedha. Watoaji walizoea kutukuzwa, na wapokeaji wakazoea kutouliza.

Sasa twaja kwenye kisa ambacho twataka mkitafakari kuliko vyote, nacho kimetoka hapa hapa kwetu. Wangari Maathai alizaliwa Ihithe, katika Tetu, mwaka 1940. Alisoma kwa masista wa Mathari, akaenda Limuru, akapelekwa Marekani mwaka 1960, na mwaka 1971 akapata shahada ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Nairobi. Habari hizo zinajulikana. Lisilosemwa sana ni namna alivyotumia fedha kidogo.

Mwaka 1977, akiwa katika Baraza la Taifa la Wanawake wa Kenya, alianza kazi ya kupanda miti iliyokuja kuitwa Mwendo wa Ukanda wa Kijani. Siku ya tarehe 5 Juni mwaka huo walipanda miti 7 katika uwanja wa Kamukunji, Nairobi, kwa sherehe na hotuba, kuwakumbuka watu mashuhuri wa makabila mbalimbali. Katika miti hiyo 7, miti 5 ilikufa. Tukitazama nyuma twaona kwamba hiyo miwili iliyobaki ilifundisha zaidi ya hotuba zote za siku ile, maana mti hauishi kwa kupandwa tu. Huishi kwa kuwa yuko mtu anayepita kila siku kuutazama.

Ndipo kazi ikapelekwa vijijini, kwa wanawake. Mwanzoni ofisi ya misitu iliahidi miche ya bure kwa kadiri itakavyotakiwa, kwa kuwa haikudhani kwamba wanawake wataitaka mingi. Haukupita mwaka, ofisi ikasema miche imekwenda kupita kiasi, sasa ilipiwe. Wanawake wakaambiwa basi waioteshe wenyewe. Wataalamu wakaja kuwafundisha, wakasema maneno magumu ya kitaalamu kana kwamba kuotesha mbegu ni siri ya chuo. Akina mama wakawasikiliza kwa adabu, kisha wakarudi kwa ujuzi wao wa siku zote: mtu anayejua kuotesha maharagwe na mahindi ataweza na mbegu ya mti. Wakatumia vyungu vilivyovunjika na makopo, wakaokota mbegu chini ya miti ya kwao. Watu wakawaita wanamisitu wasio na diploma.

Na fedha? Hapa ndipo penye somo letu. Kwa kila mche uliopandwa na kushika, kikundi kilipewa malipo madogo, mwanzoni kiasi cha senti 4 za Marekani. Sikieni vizuri: si kwa mche uliooteshwa, wala si kwa shimo lililochimbwa, ila kwa mche uliokutwa hai. Kikundi kilijiandikisha, kikaotesha, kikachimba mashimo, mashimo yakakaguliwa, miche ikagawanywa, ikahesabiwa tena baadaye, ndipo fedha zikatoka. Mwaka 1981 mfuko wa Umoja wa Mataifa wa kuwasaidia wanawake uliwapa dola 122,700, na fedha hizo nyingi zikafika vijijini kwa njia ile ile ya senti. Ilipofika mwaka 2004, miti iliyopandwa ilikuwa imepita milioni 30.

Tarehe 8 Oktoba 2004 mama huyo, akiwa Mbunge wa Tetu, alikuwa njiani kuja kwa watu wake alipopigiwa simu kwamba amepewa Tuzo ya Amani ya Nobel. Gari lilipofika hapa Nyeri alisimama katika hoteli ya Outspan, akapiga magoti, akapanda mti wa Nandi uso wake ukielekea Mlima Kenya. Alifariki tarehe 25 Septemba 2011. Tumesema habari hizi si kwa kumsifu tu, maana sifa zake zimekwisha kuenea duniani. Twazileta hapa kwa sababu wako wanachama wasemao kwamba fedha ndogo haziwezi kufanya jambo kubwa. Senti 4, ndugu zetu. Na iliyokuwa ndogo ni fedha peke yake, kwa maana ukaguzi wake ulikuwa mkubwa.

Tena wale wanawake hawakupewa fedha peke yake. Walifanyiwa mafunzo, na mafunzo yenyewe hayakuanza kwa mwalimu kuzungumza. Watu waliambiwa wataje shida zao, zikaandikwa. Wakaulizwa, shida hizi zimetoka wapi? Karibu wote walinyosha kidole kwa serikali. Wakaulizwa tena: na yule aliyelima mtelemko bila matuta, na yule aliyekata mti wa mwisho kando ya chemchemi, ni serikali? Mama Wangari alikuwa na mfano wa mtu aliyepanda basi lisilo lake. Sisi twauweka mfano huo katika barabara zetu. Msafiri ameingia gari pale Karatina akitaka kwenda Nyeri; baada ya muda anaona Sagana. Atamlaumu dereva? Dereva yuko katika njia yake. Je, aliogopa kuuliza, au aliona aibu kukiri kwamba hajui kusoma kibao, au alisukumwa na mtu? Mafunzo ya uongozi hayazidi hapo sana: ni kumzoeza mtu kuuliza kabla ya kupanda, na kumzoeza dereva kujibu.

Twajua neno “mafunzo” limechoka. Wako watu katika wilaya zetu waliohudhuria semina nyingi hata wakawa na mkoba maalumu wa semina. Wanakula chakula cha mchana, wanapokea nauli, wanarudi. Hatuyataki hayo, na ikiwa mapendekezo yetu yatageuka kuwa hayo, mtunyang'anye kazi hii mwakani. Tunalolitaka ni kama lile wakulima wetu waendalo kujifunza katika kituo cha Wambugu: mtu huonyeshwa jambo, hulifanya kwa mikono yake mbele ya wenzake, na hurudi nyumbani akiliweza. Mwenyekiti ajifunze kuuendesha mkutano hata mtu wa chini kabisa apate nafasi ya kusema, na kuufunga kabla watu hawajachoka. Katibu ajifunze kuandika kumbukumbu fupi na za kweli, akiandika yaliyoamuliwa na jina la mtu aliyepewa kazi. Mweka hazina ajifunze kuandika fedha siku ile ile zilipoingia, kutunza stakabadhi, na zaidi ya yote kuzisoma hesabu kwa sauti mbele ya watu waliochanga. Asiyejua kusoma ana haki ya kusikia. Hii ndiyo ngwatio tuliyoitaja mwanzo, ambayo hesabu yake ilikuwa katika vichwa vya watu wote.

Tuwaambieni tuliyoyaona mwaka huu tulipokuwa tukizungukia vikundi. Tulifika mahali ambapo tangi la mawe limejengwa nusu. Hatutataja jina la kikundi wala la mfadhili. Fedha zilikuja zote kwa mara moja, kutoka mbali, kwa nia njema. Mwenyekiti na mweka hazina walikuwa watu wa nyumba moja. Michango ya wanachama ilikuwa ikipelekwa kwa simu katika namba ya mweka hazina mwenyewe, ikichanganyika na fedha zake za nyumbani na za duka, hata asiweze kujua zipi ni zipi. Kisha akapata kazi mjini, akaondoka na simu yake, yaani akaondoka na daftari la kikundi. Hakuna aliyethibitisha kwamba ameiba, na huenda hakuiba. Lakini mawe yamelala pale, majani yameota ndani ya tangi, na jambo la kusikitisha kuliko fedha ni hili: mzee wa mtaa ule alituambia kwamba siku hizi akiita watu kwa kazi ya pamoja, hata ya kuzibua mfereji tu, hawaji.

Siku ya pili yake tulikuwa na kikundi cha akina mama upande wa pili wa mto. Kina sanduku lenye kufuli tatu. Funguo ziko kwa watu watatu wa nyumba mbalimbali, na sanduku liko kwa mtu wa nne. Kila mwezi hufunguliwa mbele ya wote, fedha zikahesabiwa juu ya kanga iliyotandikwa chini, na kila mmoja akasema kwa mdomo wake kiasi kilichobaki mwezi uliopita. Hatukuona hotuba pale. Hawajapata ruzuku hata moja. Tuliulizana njiani, ni kikundi gani katika hivi viwili ambacho tungekipa shilingi zenu?

Wako wenzetu wenye mifuko mikubwa waliojifunza hayo hayo. Mpango wa Ruzuku Ndogo wa Mfuko wa Mazingira wa Dunia, ulioanzishwa mwaka 1992, uliweka kikomo cha dola 50,000 kwa ruzuku moja ya kawaida, na mara nyingi hutanguliza fedha kidogo za kupanga kabla ya fedha za kazi. Baada ya Mlima Kenya kuandikwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1997, mpango huo uliviendea vikundi vya watu wanaokaa kandokando ya mlima, kwa maana msitu haulindwi na askari peke yao. Serikali yetu nayo, ilipoanzisha Mfuko wa Uwezo mwaka 2013 kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu, iliweka mikopo isiyo na riba ya kuanzia Sh. 50,000 hadi Sh. 500,000, na vikundi vikatakiwa kupata mafunzo kabla ya kupokea. Ule ni mkopo na wetu utakuwa ruzuku, na tofauti hiyo si ndogo. Mkopo una mdai wake. Ruzuku haina mdai, kwa hiyo hutaka wadai wawe majirani wenyewe.

Tumesikia hofu mbili kutoka kwa wazee, na haifai kuzipita kimya. Ya kwanza ni kwamba vijana watazila fedha hizi. Tutasema kwa heshima: wazee nao wamewahi kula. Kijana aliyeandika hesabu chini ya macho ya wazee ni salama kuliko mzee aliyeachiwa hesabu kwa sababu watu waona haya kumwuliza. Kwa hiyo hatuombi wazee waondoke. Twaomba wakae pale ambapo mila iliwaweka tangu zamani, yaani kwenye baraza la kusikiliza na kuamua, na mkono wa fedha uwe wa wengine. Mzee asiyeshika fedha ndiye anayeweza kuuliza juu yake bila kuogopa kuulizwa.

Hofu ya pili ni kwamba akina mama wakifundishwa uongozi, nyumba zitaharibika. Juu ya hilo hatuna maneno mengi. Waliozieka nyumba hizo bati miaka ya 1960 walikuwa ni akina mama wenyewe.

Basi haya ndiyo masharti tunayoyaleta mbele yenu myakubali au myakatae. Kikundi kinachoomba kiwe kimeandikishwa kama inavyotakiwa na Sheria ya Kuandikisha Vikundi vya Kijamii ya mwaka 2022, kiwe na katiba yake na viongozi waliochaguliwa. Mwenyekiti, katibu na mweka hazina wasiwe wa nyumba moja. Kikundi kionyeshe kwanza kilichofanya kwa nguvu zake, hata kama ni mashimo tu yaliyochimbwa au mawe yaliyokusanywa. Viongozi watatu, pamoja na mwanachama mmoja asiye na cheo, wahudhurie mafunzo ya siku chache; huyo wa nne ndiye tunayemtegemea zaidi, kwa kuwa atakaporudi atajua maswali ya kuuliza. Ruzuku itolewe kwa mafungu matatu: la kwanza kazi inapoanza, la pili baada ya wajumbe wetu wawili kuiona kazi na kusikia hesabu zikisomwa mkutanoni, la tatu kazi inapokuwa imesimama na inatumika. Fedha ziingie katika akaunti ya kikundi yenye sahihi tatu, wala si katika simu ya mtu. Na kikundi kisichosoma hesabu zake kisipewe fungu linalofuata, hata mwenyekiti wake akiwa ni mjumbe wa halmashauri hii.

Mtu mmoja alituambia kwamba masharti haya ni mengi kwa fedha kidogo hivi. Hayo ni kweli, na tumeyafanya mengi kwa makusudi. Kikundi kilichozoea kutoa hesabu ya shilingi elfu chache kitaweza siku moja kubisha hodi kwa wenye mamilioni, kikiwa na daftari safi la miaka mitatu mkononi, nao hawatakuwa na njia ya kukidharau. Habari ya jumba la mjini tumeiweka katika ukurasa wake wa taarifa hii, na fundi ametupa makisio. Wanaolitaka wasome, nao watapewa nafasi ya kusema sasa hivi.

Walimu tumekwisha kuwatafuta. Wako walimu wastaafu wanachama wetu waliokubali kufundisha bila malipo ila nauli, na maofisa wa maendeleo ya jamii wameombwa waje kueleza sheria. Mafunzo yatafanyiwa mahali pa vikundi wenyewe, katika madarasa siku za likizo, ili mama asilale mbali na watoto wake. Yataanzia Mukurwe-ini na Kieni, kisha Kirinyaga, Embu na Meru kwa kadiri fungu litakavyotosha. Kila mzee wa tawi atapewa nakala moja ya masharti haya ili ayasome katika mkutano wa tawi lake, na karatasi za maombi ziko kwa katibu, katika meza ile iliyo karibu na mlango. Sasa twamrudishia Bwana Mwenyekiti nafasi, ili awasikilize wenye maswali, halafu mpige kura.